Baba, iache simu ifikirie kwanza

Jumamosi ile binti wa miaka 13 alirudi kutoka kwenye mashindano ya sataranji akiwa amelikumbatia daftari lake kifuani. Akamwamkia baba yake, akataka kupitiliza chumbani.

Baba aliitikia marahaba na papo hapo akajua kuwa mtoto ameshindwa. Akamwita, akalichukua daftari na kufanya kile alichokifanya kila Jumamosi kwa miezi minne. Aliingiza hatua za mchezo moja moja kwenye programu ya simu, huku akisoma majibu kwa sauti.

"Hapa sawa. Hapa kosa. Hapa kosa kubwa."

Kosa kubwa lilikuwa kwenye hatua ya 38. Binti alikuwa ameitoa ngome yake iliwe, akabaki na mfalme na askari wachache. Simu iliweka alama nyekundu.

"Ngome nzima, mwanangu? Hata simu inakushangaa."

Wageni wawili waliokuwa sebuleni wakacheka. Binti hakucheka.

Wiki iliyofuata hakwenda klabu. Ya pili akasema kichwa kinamuuma. Ya tatu hakusema chochote, na mama ndiye aliyeuona ubao wa sataranji juu ya kabati, umefunikwa na mabegi ya safari.

Usiku huo mama alimuuliza mumewe swali moja tu: "Baba watoto, yule mtoto ulikuwa unamfundisha au unamhesabia?"

Swali lilimchoma, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yake. Ni mtunza stoo. Kreti zikipungua mbili, lazima aseme zimekwenda wapi. Kwake, ngome iliyotoka bila kuleta kitu ni hasara, na hasara huandikwa kwa wino mwekundu.

Ila sataranji yenyewe hakuijua sana. Alijua kila kete inavyotembea, basi. Mchezo aliokulia ni drafti, chini ya mwembe, kwa vizibo vya soda. Na huko aliwaona wazee wakimpa mtu kete tatu azile kwa furaha, halafu wao wanazila tano na kuingia kingi. Hakuna aliyewaambia wamekosea. Watu walinyamaza wakasubiri mwisho.

Siku mbili baadaye, binti mwenyewe aliushusha ubao. Mwalimu wa klabu alikuwa amempelekea karatasi yenye mchoro wa mchezo mmoja. Akapanga kete mezani, kimya, kisha akamsogelea baba yake.

"Baba, iulize simu yako hapa. Zamu ya weusi."

Kete zilikuwa chache. Weupe walikuwa na mfalme, askofu na askari wawili. Weusi walikuwa na mfalme, askofu na askari wanne. Baba akaingiza kila kitu kwenye simu. Baada ya sekunde mbili programu ikamwonyesha hatua: askofu mweusi asogee pembeni kidogo, mahali salama.

"Sivyo," binti akasema. "Askofu anakwenda h3."

Baba akatazama ubao. "Mbona ataliwa na askari huyu?"

"Ndiyo, Baba. Ataliwa."

Mchezo huo ulichezwa Linares, Hispania, mwaka 1998. Aliyecheza na kete nyeupe ni Veselin Topalov wa Bulgaria, ambaye mwaka 2005 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa FIDE. Mwenye kete nyeusi ni Alexei Shirov, mzaliwa wa Riga, Latvia. Kwenye hatua ya 47 Shirov alimchukua askofu wake wa pekee, akamweka mdomoni mwa askari wa Topalov.

Binti alieleza polepole, kama anavyomweleza mdogo wake hesabu. Maaskofu wale wawili wanatembea kwenye rangi tofauti, mmoja vyumba vyeupe, mwingine vyeusi, hawakutani kamwe. Mchezo wa namna hiyo mara nyingi huisha sare, hata kama mmoja amezidi askari wawili. Ili ashinde, mfalme mweusi lazima afike katikati, chumba cha e4, kabla mfalme mweupe hajaja kumzuia. Na njia yake inapita f5, mahali ambapo askofu wake mwenyewe amesimama.

"Kwa hiyo askofu anaziba njia," baba akasema.

"Anaziba. Na akiondoka kawaida tu, mweupe anapata hatua moja ya bure, mfalme wake anawahi. Akienda h3 anamtishia askari wa g2, mweupe lazima ajibu. Akimla askofu, mfalme wetu anapita."

Wakacheza hadi mwisho. Mfalme mweusi aliwahi kwa hatua moja tu. Askari wawili waliokuwa mbalimbali, mmoja pembeni na mwingine karibu na katikati, wakaanza kushuka, na askofu mweupe hakuweza kuwashika wote wawili. Topalov alikubali kushindwa baada ya hatua ya 53, yaani hatua sita tu tangu askofu alipotolewa.

Baba akaitazama simu. "Sasa hii kwa nini haikuona?"

Hapo ndipo kazi yao ilipoanza.

Programu ya sataranji kama ile ya baba inahesabu. Askari mmoja ni pointi moja, askofu na farasi tatu, ngome tano, malkia tisa, kisha inaongeza na kupunguza kidogo kwa kuangalia kila kete imekaa wapi. Inajaribu hatua, majibu ya hatua, na majibu ya majibu, kwa mamilioni. Kwa kuwa njia ni nyingi mno, zile zinazoonekana mbaya mwanzoni huzitupa au huzichungulia kidogo tu. Hatua inayompoteza askofu bila kula kitu huwa ya kwanza kuwekwa kando. Ikipewa sekunde mbili, haina nafasi ya kuirudia.

Baba akachukua daftari la mistari, akachora safu kama za kitabu cha stoo: mchezo, programu, muda, jibu. Wakapakua programu nyingine mbili za bure. Binti akaweka masharti. Kila programu ipewe muda uleule. Kila moja ianze upya, isiwe na kumbukumbu ya jaribio lililopita. Na wachague michezo ambayo jibu lake limeshathibitishwa, maana huwezi kumsahihisha mwanafunzi kama majibu huna.

Kwa sekunde kumi, hakuna programu iliyomtaja askofu wa h3. Wakaiacha moja ikifikiria, wakaenda kula. Waliporudi, jibu lilikuwa limebadilika: h3.

"Kumbe ilihitaji kuachwa tu," baba akasema. Mama, aliyekuwa akitoa vyombo, akakohoa kidogo.

Jaribio la pili lilikuwa fumbo la mwaka 1912 lililotungwa na W. Rudolph. Mweusi ana ngome mbili na askofu, mweupe ana maaskofu wawili tu na askari wake. Mweupe anamtoa askofu wa kwanza, halafu anasogeza askari mmoja baada ya mwingine, na mwisho anamwacha hata askofu wa pili aliwe. Kinachobaki ni mfalme wake na ukuta wa askari uliofungamana kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine. Mweusi ana ngome zote mbili na askofu, lakini hana mlango wa kuingilia. Ni sare.

Simu ilisema mweusi anashinda kwa mbali sana. Iliachwa usiku kucha na asubuhi bado ilisema hivyohivyo. Baba akacheza upande wa simu, binti akawa anamsogeza mfalme wake kushoto na kulia nyuma ya ukuta. Hatua ishirini, thelathini, hakuna aliyepita.

Baba akaandika kwenye daftari: "Imehesabu vizuri. Haijaona ukuta."

Jumapili jioni binti alileta daftari lake mwenyewe, lililofunguliwa kwenye ukurasa wa mashindano yale.

"Tujaribu na huu, Baba. Hatua ya 38. Lakini uache muda mrefu."

Baba alisita. Akaingiza kete zote, akaiweka simu kwenye chaji, wakakaa. Baada ya saa nzima alama ilikuwa bado nyekundu. Kuitoa ngome kulikuwa kosa.

Lakini safari hii hakuisoma kwa sauti. Aliusogeza ubao karibu.

"Ulikuwa unataka nini hapa?"

Binti akamwonyesha. Alikuwa na askari wawili waliokaribia kufika mwisho. Aliona kwamba ngome ya mpinzani ikishughulika kula ngome yake, mmoja wao atapita na kuwa malkia. Wakahesabu pamoja kwa vidole, hatua kwa hatua. Mfalme wa mpinzani alimkamata askari wa mwisho akiwa amebakiza chumba kimoja.

"Ulichelewa hatua moja tu," baba akasema.

"Moja. Nililijua hilo nikiwa bado uwanjani. Nilikuwa nakuja kukueleza."

Baba alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuchekesha watu kabla sijakuuliza."

Binti alianza kukusanya kete, askari kwanza, kama kawaida yake. Hakusema amesamehe. Alisema tu kwamba Jumamosi klabu inaanza saa tatu, na nauli imepanda.

Jumamosi hiyo alirudi jioni. Alikuwa ameshinda michezo miwili, ameshindwa mmoja. Baba aliipokea salamu yake, akaigeuza simu kifudifudi mezani, akasogeza kiti.

"Anza na ule ulioshindwa," akasema. "Nieleze wewe kwanza. Simu tutaiuliza baadaye."

Mama aliita mara mbili kwamba chakula kinapoa. Wote wawili waliitikia kwa pamoja, na hakuna aliyeinuka.