Alama Katika Pembe ya Televisheni

Wako walalamikao kwamba alama ya stesheni katika pembe ya televisheni huziba picha, hasa wakati wa mpira. Mimi naitetea. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Mwanza mwaka 2013, king'amuzi kimoja huleta stesheni tele. Bibi yangu hajui kusoma, lakini aionapo alama ya Star TV, yenye makao mjini humu, husema, “Hawa ni wa kwetu,” akatulia kusikiliza. Picha kamili ya HD ina nukta 1920 kwa 1080. Alama ndogo haiiharibu. Tena habari ikipotoka, twajua wa kuulizwa ni nani. Basi wenye stesheni waipunguze, isifunike hesabu ya magoli, lakini wasiiondoe.