Wastaafu wawili, hema juu ya gari na upepo wa Singida

Baba alitaka gari. Mama alitaka nyumba iishe. Kiinua mgongo kilikuwa kimeshaingia benki, na ndani ya nyumba kila mmoja alikuwa na mahesabu yake.

Baba alifundisha hadi alipofikisha miaka 60, umri wa lazima wa kustaafu kwa mtumishi wa umma. Mama, aliyekuwa karani, alitangulia kwa hiari. Tangu akae nyumbani, Baba amekuwa akiangalia kwenye simu video za wazee wa Ulaya wanaoishi ndani ya magari. Mtu wake ni Gunther Holtorf, Mjerumani aliyeacha kazi ya ndege, akaanza safari hapa hapa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye akasafiri na mwenza wake Christine. Gari lao lilikuwa Mercedes lenye godoro nyuma, nao walilala humo. Christine alifariki mwaka 2010 kwa saratani. Mzee aliendelea hadi mwaka 2014, gari likiwa limetembea karibu kilomita 900,000, na leo limewekwa makumbusho Stuttgart.

"Na huyo mama alipougua, walikuwa karibu na hospitali gani?" Mama aliuliza. Baba hakuwa na jibu.

Tukakubaliana wakodi kwanza, wajaribu siku tano. Gari likawa Land Cruiser yenye hema juu ya paa, la kupanda kwa ngazi. Mimi nilikwenda kama dereva wa akiba, na kwa kuwa naandika habari za afya, nikapewa pia mfuko wa dawa. Baba ana kisukari na anachoma insulini. Mama ana presha, na moja ya dawa zake ni ile ya kupunguza maji mwilini. Kumbuka dawa hiyo, maana ndiyo iliyotawala safari.

Singida niliichagua mimi. Kutoka Dodoma ni lami mwanzo mwisho, unapita Manyoni, Ikungi, unaingia mjini. Nchi iko juu, kama mita 1,500 usawa wa bahari pale mjini, joto halikuchoshi. Na hospitali hazikosekani: ya Mtakatifu Gaspar iko Itigi, ya misheni iko Makiungu, ya rufaa ya mkoa iko mjini, Kiomboi kuna ya wilaya. Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF na mwenza wake wanaweza kuendelea kutibiwa kwa masharti ya mfuko. Kabla ya kuondoka, ulizeni kadi inafanya kazi katika vituo gani njiani.

Usiku wa kwanza tuliomba nafasi kwenye uwanja wa misheni, baada ya kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Hilo msiliruke. Gari geni likilala porini bila taarifa linawapa watu wasiwasi, na wana haki.

Saa saba usiku nikasikia ngazi inalia. Mama anashuka kwenda chooni, tochi mdomoni, mikono yote miwili imeshika chuma. Saa tisa tena. Kufika saa kumi na moja alikuwa ameshuka mara tatu. Mwanamke wa miaka 58 mwenye presha, anashuka ngazi gizani akiwa na usingizi! Mtu wa umri huo akianguka na kuvunjika nyonga, hayo mengine yote ya safari hayana maana tena.

Asubuhi alitaka kuiacha dawa hadi turudi. Wagonjwa wengi hufanya hivyo wakisafiri, na ni hatari, maana presha hupanda bila kukupigia hodi. Tulimpigia daktari wake. Ikaonekana alikuwa anainywa jioni, wakati huyo daktari alimwandikia asubuhi. Akairudisha asubuhi, na usiku uliofuata alishuka mara moja tu.

Insulini ya Baba ilikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, basi hizo tulizipakia kwenye kiboksi chenye barafu iliyofungwa kitambaa, kwa sababu ikigandishwa inaharibika. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne, ilimradi joto lisizidi 30. Hiyo tuliiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Upepo wa Singida ni mkavu na haupumziki. Ulipopiga kile chungu, ndani pakapoa vizuri kabisa. Nadhani hakuna mkoa unaofaa zaidi kwa ufundi huu.

Maji ndiyo ya kuangalia. Ziwa Singidani, lililo pembeni mwa mji na miamba yake mikubwa ya mviringo, ni la chumvi. Visima vingi vya mkoa huu navyo vina floridi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa siku tano mtu mzima hadhuriki, lakini mwenye mtoto anayeota meno abebe maji yake.

Mchana ulikuwa wao. Tulisimama kila baada ya saa moja na nusu wanyooshe miguu, maana kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Kila kituo kikawa soko: Mama alinunua mafuta ya alizeti, vitunguu, asali, na kuku wawili wa kienyeji waliosafiri nasi wakiwa hai, jambo ambalo sijaliona kwenye video za Baba. Juu ya mteremko wa Sekenke, kule Iramba ambako Wajerumani walichimba dhahabu, tuliegesha tukaangalia mbuga ya Wembere ikinyooka chini hadi macho yakachoka. Walikaa pale saa nzima kwenye viti vya kukunja. Sikumbuki lini niliwaona wamekaa hivyo bila redio, bila wageni, bila mtu wa kudai ada.

Usiku wa nne Mama alikataa hema. Akachukua chumba gesti mjini, chenye choo ndani, na Baba akalala juu ya gari peke yake uani. Asubuhi alikiri hakulala vizuri.

Mezani, wakinywa chai, Mama alitoa masharti: kitanda kiwe ndani ya gari, chini, choo cha ndoo chenye mfuniko, na isizidi wiki mbili bila kurudi kliniki. Nyumba ipauliwe kwanza. Baba aliandika yote nyuma ya risiti ya mafuta. Tulipofika Dodoma aliniomba nipitie kwa fundi seremala, akaulize kitanda cha kuingia kwenye Noah kinachukua mbao ngapi.