KUTOKA KIVUKONI HADI MISRI: SIRI YA MAANDISHI YA KALE

Mtu ashukaye pantoni asubuhi akitoka Kigamboni hana haja ya kuuliza maana ya jina Kivukoni. Jina lajieleza lenyewe: ni mahali pa kuvukia. Lakini akipanda basi mpaka Kariakoo, atakutana na jina ambalo kila mtoto wa shule aweza kulisoma, ila si kila mtu mzima aweza kulieleza. Limetokana na maneno Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kusoma ni jambo moja, na kufahamu ni jambo la pili.

Niliyawaza hayo Jumamosi moja nilipokuwa nikipita Kivukoni na bahasha kwapani. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja kuukuu, iliyokunjwa mara nne, yenye maandishi ya herufi za Kiarabu. Bibi yangu, mzaliwa wa Rufiji, aliirithi kwa baba yake akaitunza sandukuni miaka mingi. Nyumbani kwetu sote tuliamini kuwa ni kinga. Mtoto alipougua, karatasi iliwekwa chini ya mto wake. Hapana hata mmoja wetu aliyeweza kuisoma.

Niliketi kivulini kuitazama bandari, na karatasi ile ikanikumbusha habari ya Misri. Wasomaji wetu vijana, isikilizeni.

Wamisri wa kale waliandika kwa picha: ndege, jicho, nyoka, simba aliyelala. Maandishi ya mwisho ya namna hiyo yanayojulikana yalichongwa katika kisiwa cha Philae mwaka 394. Kisha waliojua kuyasoma wakatoweka, na kwa zaidi ya miaka 1,400 watu waliyatazama pasipo kuyaelewa. Wengi walidhani kwamba kila picha ni fumbo la dini, na kwamba simba hana budi kuwa alama ya nguvu.

Mwaka 1799 askari wa Kifaransa waliokuwa wakitengeneza ngome karibu na mji wa Rashid walipata jiwe lenye maandishi ya namna tatu. Juu palikuwa na picha. Katikati, mwandiko wa mkato ambao Wamisri waliutumia katika shughuli za kila siku. Na chini, Kiyunani. Kiyunani kilikuwa kikijulikana. Kilieleza azimio la makuhani la mwaka 196 kabla ya Kristo la kumtukuza mfalme Ptolemaios wa Tano.

Wataalamu walianzia kwenye majina, kwa sababu jina la mfalme lilizungushiwa mstari, na jina halibadiliki sana liingiapo katika lugha nyingine. Thomas Young wa Uingereza alitambua baadhi ya sauti. Jean-François Champollion wa Ufaransa akalilinganisha jina la Ptolemaios na la malkia Kleopatra. Jaribuni nanyi, vijana. Sauti ya L ni ya nne katika jina la kwanza, na ni ya pili katika jina la pili. Katika nafasi zote mbili Champollion alimkuta simba yule yule amelala. Kumbe hapo simba hakuwa nguvu wala ufalme. Alikuwa herufi L!

Mwaka 1822 Champollion alitangaza ugunduzi wake, na baadaye akaonyesha kwamba baadhi ya picha ni sauti na nyingine ni maana. Lakini sauti peke yake zisingemfikisha mbali. Alikuwa amejifunza Kikoptiki, lugha iliyozaliwa na ile ya Wamisri wa kale, ambayo Wakristo wa Misri wameihifadhi katika ibada. Herufi zilimpa sauti, na lugha ikampa maana.

Baada ya kuyatafakari hayo nilikwenda Kariakoo, kwa mzee mmoja aliyefundisha watoto chuoni miaka mingi.

“Shikamoo, maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Lete tuone.”

Aliisogeza karatasi dirishani. “Hii si dua,” alisema. “Ni Kiswahili.” Akasoma polepole: “Deni la baba...”

Moyo wangu ulishtuka. Deni gani hilo tulilolilaza chini ya mito ya watoto?

Mzee alinyamaza, akarudi nyuma, kisha akatabasamu. Alinieleza kwamba waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja ya Kiarabu, *ba*, kwa sauti za b, p na mb. Hivyo neno moja lililoandikwa laweza kusomwa baba, papa au pamba. Macho hayawezi kuamua. Anayeamua ni mtu aijuaye lugha. Na neno lililofuata lilikuwa “frasila mbili”. Baba hapimwi kwa frasila. Lilikuwa deni la pamba.

Tarehe ilikuwa ya mwaka 1345 wa Hijria, yaani 1926 au 1927. “Hati ya deni hukaa kwa mdai,” alisema mzee, “na mdaiwa hurudishiwa akishalipa. Kama ilikuwa sandukuni kwenu, basi mzee wenu alilipa.” Kisha akaonyesha mstari wa mwisho: jina la baba yake bibi, na maneno “nimeandika kwa mkono wangu.”

Hapo nilikosa la kusema. Katika ukoo wetu ilisemwa siku zote kwamba mzee yule hakujua kusoma wala kuandika, maana katika karatasi za ofisini alitia dole gumba. Kumbe hakujua herufi za ofisini tu. Zake alizijua.

Wala hakuwa peke yake. Huko Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa herufi hizo hizo tangu mwaka 1711. Hapa kwetu, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya namna hiyo, ambayo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Lakini ni nani ajuaye ni ngapi zingali majumbani, zikingojea mchwa?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilosomeka nalo hupotea vivyo hivyo. Champollion alilazimika kuitafuta lugha ya Wamisri katika vitabu vya ibada. Sisi lugha ya karatasi zetu twaizungumza kila siku. Tulichopungukiwa ni herufi, na wazee wanaozijua wangali wapo.

Jioni ile nilimsomea bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie mstari wa mwisho. Nilipoumaliza mara ya pili, alinyoosha kidole juu ya jina la baba yake.

“Nionyeshe,” alisema, “linaanzia wapi.”