Kisanduku cha Mboni

Tochi ya muuguzi wa ICU ni ndogo kama kalamu. Kila saa unainua kope ya mgonjwa, unamulika, unaandika ukubwa wa mboni kwa milimita na kama inasinyaa kwa mwanga: kulia 3, kushoto 3. Kwa miaka mingi niliihesabu kuwa kazi ya kujaza fomu tu. Siku hizi, nikipewa wanafunzi, hapo ndipo ninapoanzia, na sababu yake ni usiku mmoja wa 2021, Mombasa, wimbi la Delta la korona lilipotufika.

Wagonjwa wa mashine tulikuwa tukiwalaza kifudifudi, kama saa 16 kwa siku, mapafu yapate nafasi. Nyuso zinavimba, kope zinajaa kama mahamri. Kumulika jicho la mtu aliyelala hivyo kunataka upige magoti sakafuni, ndani ya lile vazi la plastiki linalokutokosa jasho. Wengi wetu tuliandika "kifudifudi" kwenye kisanduku cha mboni, tukapita. Macho yetu yalikuwa kwenye namba ya oksijeni. Ikishuka, mbio, ikipanda, nasi twashusha pumzi.

Damu nayo tuliijua upande mmoja. Ugonjwa ule uliigandisha hata mirija ya mashine ya kusafisha figo ikawa yaziba tukiitazama. Tulikwisha kuona watu wakienda kwa bonge la damu kwenye mapafu. Kwa hiyo heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilitolewa, kwa baadhi yao kwa kipimo kikubwa. Sikumlaumu daktari wakati ule na simlaumu leo. Agosti mwaka huo huo yalichapishwa majaribio ya nchi nyingi: kipimo kikubwa kiliwafaa wagonjwa wa wodini, lakini waliokuwa mahututi hakikuwapa nafuu.

Kwa mgonjwa wa kitanda cha 4, dereva wa malori, Agosti ilikuwa mbali. Mkewe alipiga simu kila jioni. "Sista, babake watoto yuaendeleaje?" Jioni ile nilimjibu kwa furaha: oksijeni nzuri, mamangu, 95.

Saa nane usiku presha ya mumewe ilifika 190. Tukadhani anazinduka, tukaongeza dawa ya usingizi. Lakini mtu anayezinduka moyo humwenda mbio, na wake ulikuwa ukipungua: 60, 52, 48. Nililiona jambo hilo. Nililiona, nikaenda kubadilisha chupa ya dawa kitanda cha 6.

Niliporudi tukamgeuza, watu sita, mmoja ameshika mpira wa koo asiuache. Nikainua kope. Mboni ya kulia ilikuwa 6, duara jeusi limekaa wazi; nikamulika, nikamulika tena, haikutikisika. Kisanduku changu kilikuwa hakina namba kwa saa tatu.

Heparini ikafungwa, akachomwa protamini ya kuitangua. Kumpeleka kwenye skani ya kichwa, na mashine yake na mtungi wa oksijeni, kulichukua karibu saa nzima, na lifti ikatukwamia, maana ndiyo kawaida yake. Damu mbichi huonekana nyeupe kwenye skani. Yake ilijaza upande wa kulia na kuusukuma ubongo kuvuka mstari wa kati. Daktari wa upasuaji aliitazama picha kwa muda mfupi sana.

Virusi huumiza utando wa ndani wa mishipa, chembe sahani hupungua, presha hupanda, na juu yake kuna dawa yetu. Kipi hasa kiliupasua mshipa ule, skani haisemi. Wala sijui kama zile saa tatu zingemwokoa. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi nikiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani.

Asubuhi mkewe hakungoja jioni, alipiga mapema. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza, bila hasira, "Sista, si uliniambia oksijeni yake ni nzuri?"

Nikageuka kutazama kioo cha mashine. Ilikuwa 96.