Neno Lisilozuia Jiwe

Jioni moja huko Nakaloke, kando ya barabara itokayo Mbale kwenda Soroti, askari mmoja mstaafu alikuwa ameketi barazani akiwasikiliza wajukuu wake wakisimuliana hadithi. Shujaa wao alitamka neno la ajabu, na mikuki ya maadui ikageuka majani. Neno lenyewe halikuwa na maana katika lugha yoyote. Mmoja wa watoto alikuwa amelitunga siku hiyo hiyo.

Mzee alicheka pamoja nao. Punde mdogo wao, wa miaka saba, akasimama uani, akafumba macho, akalitamka neno lile, kisha akamwambia kaka yake amtupie jiwe. Kaka alikwisha inua mkono. Mzee aliruka akaushika.

Hakumchapa mtu. Aliwaketisha mkekani, akawaeleza habari za mwaka 1987, alipokuwa kijana jeshini. Mwaka huo wafuasi wa Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, walitoka kaskazini wakielekea Kampala. Walipakwa mafuta ya shea, wakaambiwa kwamba risasi hazitawapenya na kwamba mawe watakayorusha yatalipuka kama mabomu. Walikatazwa kujificha nyuma ya miti au vichuguu. Walikwenda wima, wakiimba nyimbo za dini. Karibu na Jinja walishindwa. Alice alikimbilia Kenya, akafariki huko mwaka 2007. Wengi waliomwamini hawakurudi kwao. Hata katika vita vya Maji Maji kule Tanganyika, mwaka 1905, watu waliahidiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji.

"Babu, watu wale walikuwa wajinga?" aliuliza mdogo.

"La, mjukuu wangu. Walikuwa na shida, na mtu mwenye shida huambiwa neno akalishika. Ushujaa walikuwa nao. Mmoja alinirushia jiwe. Likaanguka miguuni pangu, likabaki jiwe. Naye alisimama akingoja lilipuke."

Mzee hakusema kilichofuata, wala watoto hawakuuliza.

Usiku ule hadithi iliendelea. Neno la ajabu halikuondolewa, ila shujaa sasa alipewa na ngao. Mzazi mwenye hekima hawanyimi watoto hadithi. Huwaonyesha tu mahali hadithi inapokomea na uwanja wenye mawe unapoanzia.