Siku Kama Leo, na Januari mosi yenye watu wengi mno

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na safari hii sababu si umeme. Nilikuwa naandika kijiprogramu cha kujifurahisha: kila asubuhi kinaangalia tarehe, kisha kinanitajia wanamuziki waliozaliwa au kufariki siku kama hiyo. Nikakiita "Siku Kama Leo". Kazi ya jioni mbili tu, nilidhani.

Data nilipakua kwenye intaneti ikiwa tayari, faili moja lenye maelfu ya mistari. Mara ya kwanza nilikijaribu Mei 17, nikiwa kwa wazazi wangu hapa Kisumu. Kikatoa hivi:

- 1866: anazaliwa Erik Satie, mtunzi wa Ufaransa.
- 1942: anazaliwa Taj Mahal, mwanamuziki wa blues wa Marekani.
- 1961: anazaliwa Enya, mwimbaji wa Ayalandi.
- 1965: anazaliwa Trent Reznor wa Nine Inch Nails.
- 2012: anafariki Donna Summer, malkia wa disko.
- 2022: anafariki Vangelis, Mgiriki aliyetunga muziki wa filamu ya Chariots of Fire.

Nikamwonyesha Baba kwa majivuno. Akasoma polepole mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza: "Na Misiani?"

Kwa msiomjua: Daniel Owino Misiani alizaliwa Februari 22, 1940, Nyamagongo, upande wa Shirati huko Tanzania, si mbali na mpaka. Akavuka kuja Kenya, na kundi lake la Shirati Jazz likaifikisha benga mbali sana. Huku aliitwa Mfalme wa Historia, kwa sababu nyimbo zake zilijaa visa vya Biblia, vya zamani na vya wanasiasa, na mafumbo yake yalimfanya akamatwe zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani hapa hapa Kisumu, Jumatano, Mei 17, 2006. Nilikuwa bado mdogo, shule ya msingi. Ninachokumbuka ni redio iliyopiga nyimbo zake hadi usiku, na Baba aliyekaa karibu nayo bila kugusa chakula.

Sasa kijiprogramu changu, kilichoandikwa katika mji aliofia, kilimkumbuka Vangelis na kumsahau yeye. Msimbo haukuwa na kosa lolote. Mstari wake haukuwemo tu kwenye faili.

Basi nikaanza kuwaongeza watu wa ziwa mwenyewe. Misiani alikuwa rahisi, tarehe zake zote mbili zimekamilika. Nikafuatia na Ayub Ogada, mpigaji wa nyatiti, ambaye wengi duniani walimsikia kupitia wimbo wake "Kothbiro" katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Alifariki Februari 1, 2019, Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Kuzaliwa kwake huandikwa hivi: Mombasa, 1956. Mwaka, basi.

Hapo ndipo nilipokwama. Safu yangu ya kuzaliwa ilikuwa ya aina ya tarehe. Ukiipa mwaka peke yake inakataa. Nikafanya kile ambacho mwandishi programu mvivu hufanya: nikaandika 1956-01-01. Wazee wengine wa benga wanaojulikana kwa mwaka tu nao nikawaandika vivyo hivyo.

Mnaona tunakoelekea. Nikaisogeza saa ya kompyuta hadi Januari mosi ili kujaribu. Kijiprogramu kikawatakia heri ya kuzaliwa karibu wanamuziki wote wa ziwa kwa mpigo. Wawili watatu niliowaachia nafasi tupu kikasema walizaliwa Januari 1, 1970, saa tisa usiku! Mifumo ya UNIX huanza kuhesabu wakati saa sita usiku wa tarehe hiyo kwa saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa tatu.

Nilicheka mpaka machozi. Baba hakucheka. Alitoa kitambulisho chake mfukoni, akakiweka juu ya meza: Januari 1. Alipokwenda kukichukua, akiwa kijana, aliulizwa tarehe, akasema mama yake alimwambia ni wakati wa kupalilia. Karani akaandika Januari mosi, akaita anayefuata.

"Nilizaliwa mvua ikinyesha," akasema. "Jina langu lenyewe linasema. Januari ni kiangazi."

Nilikaa kimya. Majina ya Kijaluo nayajua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuyafikiria kama data. Okoth ni wa mvua. Omondi ni wa alfajiri, Ochieng wa jua likiwaka, Otieno wa usiku. Owino, jina la Misiani, hupewa mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka. Kina mama hawa walihifadhi kumbukumbu. Sisi ndio hatukuwa na safu ya kuziweka, tukajaza uongo mahali pake.

Marekebisho, kwa wanaopenda mambo haya. Tarehe sasa ina safu tatu: mwaka, mwezi na siku, na mbili za mwisho zinaruhusiwa kubaki tupu. Sikubuni kitu. Kanuni ya ISO 8601 inakuruhusu kuandika 1956 peke yake, na Wikidata huambatanisha kila tarehe na namba ya uhakika: 9 ni mwaka tu, 10 ni mwezi, 11 ni siku. Jibu lilikuwepo miaka yote. Mimi ndiye sikusoma.

Na wasio na siku? Nimewapa zote. Kila asubuhi, chini ya orodha, kijiprogramu huchagua mmoja wao na kumtaja pamoja na mwaka wake. Mei 17 sasa humtaja Misiani. Baba nimemwondoa Januari. Nampigia simu mvua kubwa ya kwanza inaponyesha wakati wa kupalilia, na hajawahi kuniuliza kwa nini nimepiga.

Kama una jedwali lenye safu ya tarehe ya kuzaliwa, leo lifungue, uhesabu waliozaliwa Januari mosi. Ukiwakuta wengi kupita kiasi, usiwapongeze kwanza. Waulize.

Haya, tuonane wiki ijayo.