Joto la Mashini na Sauti ya Nkambo

Wanafunzi wengi wa lugha za Kiafrika huona mambo ya prosesa na feni kuwa ya wenzetu wa uhandisi. Mimi naona ni ya kwetu pia, kwa sababu lugha tunazozichunguza sasa zinakaa ndani ya kompyuta.

Yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ina saa 11 za sauti ya nkambo wangu akisimulia hadithi kwa Kisanga. Alifariki mwaka jana. Nakala ya sauti iko kwenye diski nyingine, lakini unukuzi wote ninaufanya hapa, katika ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi. Programu hiyo ikichezesha video na mawimbi ya sauti pamoja, prosesa haipumziki. Halafu Oktoba ikifika, Lubumbashi inangojea mvua, chumba kina joto na vumbi jekundu linaingia hata kwenye feni.

Hapa kwetu tunasema mashini "inapata moto", iwe vuguvugu tu au iko karibu kuzimika. Neno ni moja, hali ni nyingi. Mkono nao hautoshi, maana unagusa plastiki, haugusi prosesa. Ndiyo maana ninasoma namba. Kwenye Linux ninaandika amri "sensors". Anayetumia Windows anaweza kuweka HWMonitor. Bila kazi, mashini yangu iko kwenye nyuzi 45 hivi. Nikinukuu, inafika 75. Ikipita 90, ninahifadhi kazi na kuiacha ipoe.

Prosesa nyingi za kompyuta za mkononi zina mpaka wa karibu nyuzi 100. Zikiukaribia, zinajipunguzia kasi. Joto likizidi, mashini inazimika ghafla. Kwa mwanaisimu, hata kule kupunguza kasi ni hasara. Kisanga ni lugha ya toni, na sauti inayokatikakatika hainionyeshi kama silabi imepanda au imeshuka.

Mwezi wa Agosti namba ilisoma 94, lakini hewa iliyotoka kwenye feni ilikuwa baridi. Mkono ungeridhika. Kumbe joto lilikuwa halitoki: ule ute unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ulikuwa umekauka. Fundi mmoja wa sokoni aliufuta, akapaka mwingine, akapuliza vumbi. Jioni ile, kwa kazi ileile, nilisoma 72.

Sasa katika daftari la tasnifu yangu kuna safu tatu: jina la rekodi, dakika niliyofikia, na joto. Zimebaki saa 4 za kunukuu. Kuna methali humo ambazo hata mama yangu hazijui, na kijijini wamebaki wazee wawili tu wa kunieleza maana yake.